Pacha Kichwa Chini

Bwana Mwakio wa Ganjoni, mstaafu wa kreni bandarini,
alinunua amplifaya ya kilo ishirini na nane,
akaipandisha ghorofa ya tatu kwa kamba na kejeli za majirani.
Hii ni mara ya tatu ananipigia:
"Njoo, fundi. Ngoma haina tumbo."

Nikaketi kwenye kochi. Kweli.
Mwimbaji yuko kila pembe na hayupo popote,
besi imekuwa chai iliyosahauliwa sukari.
Isogelee spika moja, hii hapa;
rudi katikati, imezama.
Alishabadilisha waya, akaleta za bei ya mbuzi wawili.
Alishalaumu stima, pampu ya maji,
na kinyozi wa chini na mashine zake.

Nikatoa jiwe moja la redio mkobani.
Ndivyo alivyonifunza baba, Guraya, nikiwa na sare ya skuli:
gusa waya kwa jiwe, tazama kifua cha spika.
Ya kushoto ikatoka nje, tup.
Ya kulia ikaingia ndani, tup.
Basi.
Moja yasukuma hewa, mwenziwe yaimeza,
na katikati ya chumba, pale aketipo mwenye mali,
kusukuma na kumeza hukutana vikawa si kitu.

Alishashika kichwa. Nikamwambia, kugeuka si dhambi.
Zigeuze zote mbili, sikio lako halitajua.
Kosa ni moja kugeuka peke yake.
Nikabadilisha ncha mbili za waya, kazi ya dakika,
kisha nikamwonesha ule mnene wa miiba mitatu,
ambao hajui kwa nini aliulipia,
nikamsomea ubeti wa baba:

Mwiba wa kwanza ardhini, wa pili sauti wima,
Wa tatu u kinyumeni, pacha kichwa chainama,
Uvumi wa mitaani, wote sawa huwauma,
Tatu mwinue mwishoni, uvumi utajizima.

Akaomba nirudie. Akauandika nyuma ya risiti.

Sikumwambia ubeti ulikotoka.
Baba alikuwa na watoto wawili, mimi na Bwanakheri,
na tulimshtakia kwa wakati mmoja,
huyu akisema ndiyo, huyu siyo,
yeye kainamia meza, moshi wa risasi ukimpanda puani.
Tulilolalamikia sawasawa, joto, mbu, muhogo uleule,
alilitupa: hilo la mtaa, si lenu.
Tulipopingana ndipo alipoinua macho.
Alilichukua la Bwanakheri, akalipindua,
akaliweka juu ya langu,
akapata kisa kizima, kikubwa mara mbili.

Sasa Bwanakheri yuko Changamwe, mimi niko kisiwani,
na aliyekuwa akisimama mwisho wa waya hayupo.
Yeye husema lake, nami langu.
Shangazi zetu, walioketi katikati,
wanasema hawasikii kitu.

Ngoma ikarudi. Vikombe vikatetemeka kabatini.
Bwana Mwakio akafumba macho, kisha akafumbua moja:
"Na hii yenyewe, huko ndani, haigeuzi?"
Nikafungua kitabu chake, ukurasa wa maandishi ya sisimizi.
Inageuza. Kila kitu, tangu siku uliyoiwasha.
Ngozi iliyoruka nje kule ilikopigwa
hapa huanza kwa kuvuta ndani.

Akanyamaza muda mrefu,
kama mtu mwenye kontena hewani na watu chini yake.
"Zote mbili?"
Zote mbili.
"Basi iache."

Akanihesabia mia tano, akaongeza hamsini ya ubeti.
Chini, pampu ya maji ikawaka.
Tuliisikia kwa nyayo.
Spika hazikusema neno.